Jina la Ng'ambo

Ijumaa hiyo Mzee Swabur alishinda tumbo joto, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi alimtuma Ajambo ng'ambo akamletee mnyororo wa baiskeli. Jua likapanda, Ajambo hakurudi.

Mgeni wa Busia atauliza, mtoto kutumwa dukani kuna kosa gani? Ng'ambo ni Kenya, sawa, lakini katika mji huu Kenya ni pale tu ukishavuka mtaro. Watu huenda Kenya kununua sabuni na kurudi Uganda kabla maji ya kuoga hayajapoa. Kosa ni kwamba Ajambo alikuwa mtoto wa dhamana, na sharti la dhamana halikuwa na maneno mengi: asivuke mpaka bila mdhamini wake. Tena siku yenyewe ndiyo hiyo. Saa kumi alasiri watoto wote wa dhamana walitakiwa kujipanga katika uwanja wa kituo cha polisi, upande wa Uganda, kila mmoja na mdhamini wake, mkuu wa kituo awaone kwa macho yake. Asiyeonekana dhamana yake ingefutwa, na akikamatwa angepelekwa rumande ya watoto, mbali na Busia, akae huko mpaka mahakama itakapomkumbuka. Na mdhamini wa Ajambo alikuwa nani? Swabur huyo huyo.

"Mnyororo wa zamani ulikuwa na nini?" mkewe, Hajarah, alimuuliza akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ulikuwa na kutu."

"Kutu."

"Nilitaka baiskeli ipendeze mbele ya afande."

Hajarah hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alirudi jikoni, akafunika kikombe cha uji cha Ajambo, na Swabur akajua hakuna atakayekula kwa raha katika nyumba ile mpaka msichana arudi.

Swabur alipooza miguu akiwa mdogo. Baiskeli yake ilikuwa ya magurudumu matatu, ya kuzungushwa kwa mikono, na nyuma ilikuwa na sanduku la kupakia unga, mafuta ya kula na katoni za sabuni. Busia ina wafanyabiashara wengi wa namna yake, na kwa mazoea ya miaka mingi watu wa forodha si wepesi wa kumpekua mlemavu. Lakini mzigo ukiwa mzito mikono peke yake haifui dafu, hivyo kila mmoja huwa na mtoto wa kumsukuma. Wa Swabur alikuwa Ajambo, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye mabega magumu na ulimi usiojua kunyenyekea.

Zamani kidogo Ajambo alikuwa mmoja wa watoto wa wembe. Malori yanayotoka Tororo hupanga foleni ndefu kungoja forodha, na madereva wakisinzia watoto hupanda juu, hukata turubai kwa wembe na kushusha chochote kitakachokubali kushuka. Ajambo alikuja mjini kutoka Buteba baada ya bibi yake kufariki, na kwa wepesi wake wa kupanda hakuchukua muda kupata sifa. Polisi walishajaribu kila dawa kwa watoto hao. Walijaribu viboko. Wakajaribu mashindano ya mpira. Timu ya wembe ikachukua kombe, na nyavu za magoli ikachukua pia. Wakajaribu semina yenye soda na hotuba. Watoto wakanywa soda, wakapiga makofi mahali pa kupiga makofi, na jioni wakarudi kwenye malori.

Ndipo akaja Sajini Atai wa dawati la watoto, mwanamke wa Merikit, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Yeye hakumuuliza mtoto aliyekamatwa ameiba nini. Alimuuliza, "Katika hii mji, nani akisema keti, wewe unaketi?" Mmoja alimtaja mkaanga chapati. Mwingine alimtaja mama muuza dagaa. Ajambo, siku alipokutwa juu ya lori la sukari, alisema, "Mzee Swabur wa baiskeli na Mama Hajarah." Alikuwa amewasukumia mizigo mara mbili tatu na kulishwa kwao. Sajini akamfuata mzee mpaka nyumbani, akamwambia mtoto ni wako sasa, akiiba tutakuuliza wewe. Mtoto akahamia kwa Hajarah, akapewa godoro na kazi, wembe ukatupwa chooni.

Mpango huo ukaanza kushika. Kisha fundi cherehani mmoja akavuka ng'ambo na mtoto wake wa dhamana, wasionekane tena, na mkuu wa kituo akaongeza sharti: mdhamini asiwe na makazi wala kitambulisho cha upande wa pili. Sajini akazunguka kwa wadhamini wote kuwauliza.

"Mzee, ng'ambo una nyumba?" alimuuliza Swabur. "Una kitambulisho ya kule?"

"Sina," Swabur alisema. "Wallahi sina."

Alikuwa nacho. Kilikuwa kimeshonewa ndani ya kiti alichokalia, chini ya sifongo, na jina lililoandikwa humo lilikuwa Rasto Wandera. Mama yake alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, naye ndiye aliyembatiza Rasto kabla jamaa za baba hawajaja kumchukua na kumlea katika Uislamu kwa jina la Swabur. Mpaka anakufa mama huyo hakuwahi kumwita vingine. Hakumwachia shamba wala mbuzi. Alimwachia jina hilo, na kwa jina hilo Swabur alipata nafasi yake ya kuuzia katika soko la ng'ambo. Wafanyabiashara wasio na majina mawili ni wachache Busia. Jina la huku na jina la kule, kama shati la kazini na kanzu ya msikitini, nani ataliona kuwa ni uongo? Swabur hakuliona hivyo, mpaka siku aliposema wallahi. Tangu hapo kiti kilikuwa kinamchoma.

Wala hakuishia kwake. Kila aliyemsukuma alimpa somo. "Ukishikwa ng'ambo usitaje jina la huku," alikuwa akisema. "Tafuta jina lako la kule, na mimi usiniambie, nisije nikabanwa nikalitoa. Ukiniona mbele ya polisi wa kule, hunijui, sikujui." Somo hilo alilionea fahari sana. Ajambo alilisikiliza mara moja, akasema ameelewa.

Sasa mwalimu huyo akavuka mpaka peke yake, mikono ikizunguka mbio na mnyororo wa kutu ukilia njia nzima. Muuza vipuri alisema msichana alikuja, akanunua, akaondoka anakimbia. Kwenye kona ya soko, muuza mitumba aitwaye Akullo akampa habari yenyewe: polisi wa Kenya walipita asubuhi na msako wa watoto wasio shuleni. Kila waliyemkuta mtaani bila sare walimpakia.

"Wanasema ni kuzuia uhalifu," Akullo alisema. "Wamebeba hata wangu, na mimi nilimweka nyumbani sababu ya jino. Nimeenda na kitambulisho ndio wakamwachilia."

"Wa kwangu ulimwona? Alikuwa na mnyororo."

"Aliyeuvaa shingoni? Huyo alipanda gari la polisi kama mtu anaenda arusi. Wenzake walikuwa wanalia, yeye anatazama tu."

Swabur akapumua kidogo, kwa sababu angalau sasa alijua alipo. Alikwenda kituoni, akajivuta mpaka mlangoni. Nyuma ya meza alikuwa amekaa Koplo Herbert, kijana nadhifu ambaye simu yake haikunyamaza, mikono yake ikisogeza karatasi huku na huku.

"Ajambo?" Herbert alisema. "Mzee wangu, hapa hakuna Ajambo."

"Ni mwembamba, mweusi, alikuwa na mnyororo wa baiskeli."

"Wasichana wembamba ninao chumba kizima, na vitu vyao vyote tumevimwaga kwa karatasi moja. Huyo wako ametoa jina gani?"

Swabur hakulijua. Alikuwa amehakikisha yeye mwenyewe kwamba hatalijua.

"Basi jina la baba," Herbert alisema. "Mtoto namkabidhi mzazi mwenye ID. Siwezi kukuachia uingie huko ndani uchague manzi unayemtaka, mzee. Unaelewa vile inakaa."

"Mimi si mzazi wake."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kuisema.

"Basi tafuta mzazi. Ambao hawatachukuliwa leo, Jumatatu ni korti ya watoto. Anayefuata!"

Swabur akatoka. Akazunguka ukuta wa kituo mpaka nyuma, kwenye madirisha madogo yaliyo juu, akapiga mluzi ambao Ajambo aliujua. Hakuna aliyejibu. Akarudi mbele, akatazama mlango, akarudi tena nyuma. Adhana ya Ijumaa ikasikika kutoka upande wa Uganda, watu wakaanza kupita na kanzu zao, na sala ikampita akiwa anazunguka ukuta wa polisi kama kuku aliyepotelewa na kiota. Tangu apate akili zake hakuwahi kuikosa sala ile akiwa mzima.

Hapo likamjia wazo, na lilikuwa baya. Angeweza kwenda kwa Sajini akamwambia msichana ametoroka. Watoto wa wembe hutoroka, nani angeshangaa? Yeye angelaumiwa kidogo kwa ulegevu, mambo yangeishia hapo, na kitambulisho chake kingebaki kimelala kwenye sifongo. Ajambo ndiye angelipa yote. Swabur alilikalia wazo hilo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Kisha akamwona kwa macho ya moyo Hajarah akifunua kile kikombe cha uji, akajionea aibu, akageuza baiskeli kuelekea Uganda.

Sajini Atai alikuwa uwanjani akisimamia chokaa ya kuchora mistari ya watoto kusimama. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nilimtuma mimi," Swabur alimaliza. "Yeye hakutoroka."

"Wewe ulimtuma." Sajini alimkabidhi askari mwingine ndoo ya chokaa. "Mzee, hii mpango mimi nimeipigania na meno. Wakubwa nasema Atai nalea wezi. Leo ndio afande nakuja kuona, na wewe unatuma mtoto Kenya kwa sababu ya mnyororo. Nikuambie nini mimi?"

"Niambie twende."

Sajini akatazama saa, akafuta mikono kwenye suruali ya sare, akaenda nyuma ya baiskeli na kuanza kuisukuma mwenyewe. Miguu yake ilikuwa mirefu na hasira ilikuwa nyingi, hivyo walikwenda kasi ambayo baiskeli ile haikuwahi kuijua. Mjini watu waliacha shughuli zao kutazama. "Mzee Swabur," mbadili fedha mmoja aliita, "umeshikwa au umepandishwa cheo?" Swabur mwenyewe hakujua.

Koplo Herbert alimfahamu Sajini kutokana na vikao vya polisi wa pande mbili. Alisimama, akamsalimia kwa heshima, akamtolea kiti. Sajini hakukaa.

"Huyu ni mtoto wangu wa mpango," alisema. "Ajambo. Iko hapa, nasikia."

"Nilimwambia mzee, Sajini, jina hilo sina. Wengi wameshachukuliwa. Nimebaki na wawili tu. Kuna Phiona, baba yake amenipigia simu yuko njiani. Na kuna mmoja anaitwa Lorine."

"Lorine nani?"

"Lorine Rasto. Anasema ni binti ya Rasto Wandera. Huyo Rasto simjui na simu yake mtoto hana."

Swabur alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alimwambia atafute jina lolote. Dunia ina majina mengi. Msichana yule alikuwa akisimama nyuma ya baiskeli sokoni, akiwasikia watu wa ushuru wakimwita Mzee Rasto Wandera, na alipoambiwa achague jina la kule akachagua kuwa mwanawe. Na hakumwambia, kwa kuwa alikatazwa kumwambia.

"Hapana, si huyo," Sajini Atai alisema. "Hii yetu ni Ajambo na baba hana. Tunapoteza muda. Twende tuangalie soko."

Akashika baiskeli, akaigeuza kuelekea mlangoni. Swabur aliyaona yote kwa pamoja. Akinyamaza, mtoto atabaki humu mpaka Jumatatu, na huko Uganda dhamana itakufa saa kumi. Akisema, Sajini atajua kwamba mdhamini wake aliapa uongo, na dhamana itakufa vile vile. Kunyamaza kulikuwa na faida moja tu, nayo ilikuwa yake peke yake. Akaweka kiganja juu ya gurudumu, likasimama ghafla, na Sajini nusura amwangukie.

"Nini tena?"

"Lorine ndiye Ajambo," Swabur alisema. "Na Rasto ni mimi."

Alimwomba Koplo kitu chenye makali. Herbert akaenda kwenye karatasi yenye vitu vya watoto, akarudi na wembe. Swabur akajinyanyua kwa mikono mpaka kwenye benchi la wageni, akakivuta kiti cha baiskeli, akakata uzi ambao Hajarah aliushona kwa mkono wake, akaingiza vidole ndani ya sifongo. Kitambulisho kilitoka na joto.

Herbert akakitazama, akamtazama mzee, akampa Sajini. Sajini akakishika kwa muda.

"Wallahi sina," alisema. Aliyarudia maneno hayo taratibu kama alivyoambiwa, na hayo yalimtia Swabur aibu kuliko matusi yoyote ambayo angeweza kumtukana.

Ajambo aliletwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi, kidevu kiko juu. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye sare ya Sajini, yakaja kwa Swabur aliyekaa kwenye benchi, yakapita juu yake bila kusimama.

"Lorine," Herbert alisema, "huyu ndiye baba yako?"

"Nani, huyu? Hapana."

"Anasema yeye ni Rasto Wandera."

"Baba yangu anatembea," Ajambo alisema, kwa Kiswahili safi cha ng'ambo ambacho nyumbani hakukitumia. "Huyu mzee mimi simjui hata kidogo."

Maneno hayo yalimpiga Swabur kifuani. Alijua maana yake. Msichana alimwona askari wa Uganda, akajua mzee yuko hatarini, akafanya sawasawa kama alivyofundishwa. Na kwa kuwa ana akili kuliko mwalimu wake, akaongeza baba mwenye miguu ili uongo ukamilike. Kulijua hilo hakukupunguza maumivu. Alitaka kumsifu na alitaka kulia, na Koplo Herbert hakumpa nafasi ya lolote.

"Mzee, hapa kuna mchezo," Herbert alisema, sauti imebadilika. "Mara ya kwanza ulisema wewe si mzazi. Sasa ni mzazi, na mtoto anakukana. Unajua kuchukua mtoto wa watu kwa jina la uongo ni kesi ya aina gani?"

"Ajambo," Swabur akasema, kwa jina la nyumbani. "Somo limekwisha. Kitambulisho nimekitoa mwenyewe, Sajini amekishika, kitazame mkononi mwake. Usinifiche tena. Nijue, mwanangu."

Ajambo hakukubali upesi. Alimtazama Sajini Atai.

"Ni mtego?"

"Hakuna mtego," Sajini alisema. "Mzee amejichoma mwenyewe. Mimi nimesimama hapa, nimeona."

Kidevu kikashuka. Msichana aliyepanda gari la polisi bila chozi akaanza kulia hapo mbele ya meza, akijifuta kwa mgongo wa mkono, amekasirika kwamba analia. Kisha akamgeukia Koplo.

"Afande," alisema, "naomba mnyororo wa baba."

Herbert akaenda kuutafuta bila kuuliza swali jingine.

Walirudi Uganda Ajambo akisukuma na Sajini akitangulia, kitambulisho kikiwa katika mfuko wake wa shati. Swabur alimtazama mgongo njia nzima akijaribu kuusoma, na mgongo wa polisi hausomeki. Walipofika uwanjani watoto walikuwa wameshajipanga kwenye mistari ya chokaa, na nyuma ya kila mtoto mtu wake: mkaanga chapati na aproni yake, mama wa dagaa, na wengine ambao hakuna mtu angewahi kuwaalika kituo cha polisi kwa heshima. Hajarah naye alikuwa pale, amesimama pembeni na buibui lake la Ijumaa. Alipomwona Ajambo akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, ambaye watu walimwogopa kwa upole huo. Alipita mtoto mmoja mmoja. Alipofika kwa Ajambo, Sajini Atai akasogea mbele.

"Afande, mdhamini wa huyu alisema uongo," alisema. "Ana kitambulisho ya Kenya. Iko hapa. Na mtoto leo alikuwa ng'ambo, polisi ya kule walimshika. Aliyemtuma ni mdhamini."

Swabur akafumba macho. Alijua lingekuja.

"Basi hiyo dhamana imekwisha," afande alisema. "Mtoto aingie ndani."

Askari mmoja akapiga hatua. Sajini hakuondoka alipokuwa.

"Afande, hiyo sharti tuliweka kwa sababu ya fundi cherehani. Tuliogopa mtu mwenye mlango ng'ambo atapita nayo na mtoto. Huyu mzee mlango alikuwa nayo siku zote. Leo mtoto alikuwa tayari upande ule. Angenyamaza tu, au angebaki naye kule, nani angemuona? Alikuja kuniita mimi, akajitoa mbele yangu. Wadhamini wengine wote hapa mimi sijui bado watafanya nini siku ikiwa mbaya. Huyu najua."

Afande akachukua kitambulisho, akakigeuza, akasoma jina.

"Rasto," alisema.

"Mama yangu ndiye aliniita," Swabur alijibu.

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Afande akakipigapiga kile kitambulisho kwenye kiganja. Watoto waliacha kusukumana. Hata mkaanga chapati alikuwa ameushika mkono wa mtoto wake.

"Mtu mwenye majina mawili mimi naweza kumfungulia kesi yake," afande alisema mwishoni. "Leo nimekuja kwa watoto. Lakini mdhamini wangu hawezi kuwa na milango miwili. Chagua, mzee. Nikuachie hiki, uende nacho, mtoto abaki. Au mtoto aende nawe, na hiki nikirudishe kwa wenyewe. Ng'ambo utavuka kama mgeni."

Swabur alikitazama kipande kile. Kikienda, nafasi ya sokoni inakwenda nacho, na riziki inapungua nusu. Hilo angelimudu; walishakula mlo mmoja kwa siku, yeye na Hajarah, na hawakufa. Lakini baada ya leo hapatakuwa na mahali popote duniani ambapo mtu atamwita kama mama yake alivyomwita. Alijikaza akajibu.

"Kaa nacho, afande."

Afande akakitia mfukoni, akaenda kwa mtoto aliyefuata. Sajini Atai akabaki nyuma kidogo, akainama kama anayerekebisha kitu kwenye gurudumu.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "ukinidanganya tena nitakusukuma mpaka mahakamani kwa hii mikono yangu."

"Nimesikia, Sajini."

Walirudi nyumbani wote watatu, Hajarah akitembea ubavuni amemshika Ajambo begani, kama anayeogopa kwamba akimwachia atayeyuka. Walipita kando ya foleni ya malori. Madereva walikuwa wamelala, miguu nje ya madirisha, na turubai zilikuwa nzima. Hajarah akaingia dukani kununua sukari ya uji. Ajambo akasimamisha baiskeli kumngoja. Mnyororo mpya ulikuwa kwenye sanduku. Wa zamani ndio uliokuwa ukilia.

"Mzee," Ajambo alisema nyuma yake.

"Sema."

"Lile jina lako la kule. Nililichukua sikukuomba."

"Nimejua."

"Sasa wewe umelitoa. Na mimi nilirudishe?"

Swabur hakugeuka. Alikuwa anatazama upande wa mtaro, ambako watu walikuwa wakivuka na mizigo yao kama siku zote, na hakutaka mtoto amwone uso.

"Hapana," alisema. "Wewe baki nalo."

Hajarah akatoka na sukari. Ajambo akaegemeza mabega, akasukuma.